Mama Ngina Si Daktari: Kuvisoma Vifupisho vya Vibao vya Barabarani Mombasa

Likizo ya Desemba ikikaribia, treni ya SGR hushusha wageni Miritini mchana na usiku, na karibu kila mmoja ana simu mkononi yenye ramani na jina la mahali anapokwenda. Mengi ya majina hayo yamekatwakatwa: Moi Ave, Digo Rd, Biashara St, Mama Ngina Dr. Mgeni humwonyesha dereva wa tuktuk ile simu, dereva huitazama, humtazama mgeni, kisha huuliza, "Yaani wapi hasa?" Dereva huyo amezaliwa Majengo au Kisauni na anaijua kila kona ya kisiwa, lakini mji anaoujua yeye haukuandikwa hivyo. Yeye ana Mapembeni, Posta, Laitihausi, Mwembe Tayari na Sabasaba.

Hapo ndipo vituko huzaliwa, na mabishano ya nauli pia. Watu hucheka, hulaumu elimu ya dereva au ushamba wa mgeni, wakaendelea na safari. Mimi naona lawama hizo zinawaangukia wasiohusika. Kifupisho cha barabarani kina kanuni zake, kina sababu zake, na kina udhaifu mmoja mkubwa ambao hausemwi.

Tuanze na maneno yenyewe. Kifupisho ni neno lililopunguzwa herufi ili lichukue nafasi ndogo, na kwenye vibao utakutana na aina tatu. Kuna neno lililokatwa mkia: Avenue likawa Ave. Kuna neno lililotumbuliwa, yaani kichwa na mkia vimeachwa na tumbo likatolewa: Road likawa Rd, Street likawa St, Drive likawa Dr. Kisha kuna herufi za mwanzo za maneno kadhaa zilizopangwa pamoja, kama KFS au VOK. Herufi hizo zikitamkika kama neno moja, walimu wa Kiswahili huziita akronimu.

Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho tulichorithi, kina kanuni ya nukta ambayo ni nzuri kweli ukiijua. Neno lililokatwa mkia huwekewa nukta, kwa sababu limeishia njiani. Lililotumbuliwa haliwekewi, kwa sababu herufi yake ya mwisho ipo palepale. Kwa hiyo Ave. huwa na nukta, Rd haina. Wamarekani wao huzoea kuweka nukta kote. Wachora vibao wetu wana mtindo wa tatu: nukta huwekwa pale brashi ilipobakisha rangi. Usiitegemee nukta ya Mombasa kukwambia lolote.

Jambo la kutegemea ni mahali kifupisho kilipokaa. Dr ikitangulia jina ni Daktari. Ikifuata jina ni Drive, barabara. St ikitangulia jina ni mtakatifu, ikifuata ni mtaa. Kanuni nzima ndiyo hiyo. Kule London kuna mtaa unaoandikwa St James's St, na Mwingereza husoma zote mbili bila kukwama: wa kwanza mtakatifu, wa mwisho mtaa. Anajua kwa sababu amelelewa na lugha hiyo. Anayesoma Kiingereza kama lugha ya tatu, baada ya Kigiriama na Kiswahili, hana sababu ya kuhisi tofauti hiyo masikioni.

Karibu na pale barabara inapoteremkia feri ya Likoni, nilimsikia kijana wa bodaboda ya vifurushi akimuuliza muuza madafu:

"Shikamoo ami. Nna mzigo wa Mama Ngina Daktari. Kliniki yake ni ipi hapa?"

"Marahaba. Nani mgonjwa?"

"Hapana mgonjwa, ami. Ni mzigo. Imeandikwa hapa, Mama Ngina, Dr."

Mzee aliishika simu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, akasoma. "Babangu, huyu hana kliniki. Hii ndiyo ndia yenyewe, ifuate hivi na bahari. Muulize mwenye mzigo yuko upande gani, Laitihausi au huku kwetu."

Mama Ngina Kenyatta alikuwa mke wa rais wa kwanza wa Kenya, na barabara yenye jina lake imeambaa na bahari kusini mwa kisiwa. Ndiyo maana iliitwa Drive: kwa Kiingereza neno hilo hupewa barabara ambayo mtu huendesha gari kwa starehe, akitazama mandhari. Mwaka 2019 eneo hilo lilifanyiwa ukarabati mkubwa na sherehe za Mashujaa za mwaka huo zikafanyika hapo. Wapwani lakini hawana haja na Drive. Jioni wakienda kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, husema wanakwenda Laitihausi, hata kama hawajawahi kuutazama mnara wa taa wenyewe.

Kijana yule asionekane mjinga. Hata mashine zinazosoma maandishi kwa sauti, zile zinazokwambia kwenye simu upinde kushoto au kulia, hulazimika kukisia kama Dr ni daktari au barabara, na mara nyingine hukisia vibaya. Tofauti ni kwamba mashine ikikosea hakuna anayeicheka kijiweni.

Biashara St nayo ina uzuri wake. Huo ndio mtaa wa leso, pembezoni mwa Mji wa Kale, ambako kila duka limetundika doti mlangoni na wateja husoma jina, yaani ule msemo ulioandikwa kwenye leso, kabla hawajauliza bei. Ukiusoma kwa macho ya mtu wa kanisani, unapata Mtakatifu Biashara. Wenye maduka, ambao wengi ni Waislamu na Wahindi, sidhani wangekataa kuwa na msimamizi wa aina hiyo mwezi Januari.

Kali zaidi ni Nyerere Ave. Barabara hiyo inapita karibu na Kanisa Kuu la Holy Ghost, la Wakatoliki, moja ya majengo yanayotambulika haraka mjini. Sasa fikiria mama Mkatoliki kutoka bara, ametoka misa, anainua macho na kukuta jina la Nyerere limeambatana na Ave. Kwake yeye Ave ni neno la Kilatini, ni Ave Maria, ni Salamu Maria. Zaidi ya hayo, Mwalimu Nyerere ni mtu ambaye Kanisa Katoliki linamwita Mtumishi wa Mungu, na waumini wengi wanamwombea atangazwe mwenye heri. Mama huyo akidhani ameona sala iliyotundikwa kwenye nguzo, utamwambia nini? Kila kitu alichokiona kinamuunga mkono. Kinachomwangusha ni mpangilio tu: kwenye sala Ave hutangulia jina, kwenye barabara hulifuata.

Kwa Close, hadithi inageuka. Mitaa ya makazi kama Nyali ina vijia vinavyoitwa Close, na kwenye ramani huandikwa Cl. Wengi huisoma kama "closed", imefungwa. Dereva hufika mdomoni mwa kijia, akasimama, akamwambia abiria, "Mamangu, hapa wameandika njia imefungwa, shukia hapa." Abiria akafura. Lakini maana ya Close ni njia isiyotokea upande wa pili: ukiingia, utatokea palepale ulipoingilia. Kwa hiyo dereva amekosea tafsiri na amepatia jiografia. Tatizo ni kwamba abiria bado anatembea na mizigo yake.

Mbona basi wasiandike neno zima? Sababu ya kwanza ni kasi. Mwendo unaoruhusiwa mjini ni kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo gari hukata takriban mita 14 kila sekunde. Wachora vibao wana kipimo chao cha kukadiria: herufi yenye urefu wa sentimita 10 husomeka vizuri kutoka kiasi cha mita 40 hadi 50. Piga hesabu, utaona dereva ana sekunde tatu hivi za kusoma, kuelewa na kuamua kama anakata kona. Herufi zikiwa nyingi, ama kibao kinarefuka na gharama inapanda, ama herufi zinakuwa ndogo na sekunde zinapungua. Hoja hiyo ni ya kweli kwenye barabara kuu. Ndani ya kisiwa ina walakini. Jomo Kenyatta Avenue ina herufi 18, na ukiandika Ave umeokoa tatu tu. Na pale Digo Road saa kumi na moja jioni, kati ya matatu, mikokoteni na wauza maembe, dereva ana muda wa kutosha kusoma katiba nzima ibara kwa ibara.

Akiisoma, atafika Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, inayosema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Hapo huibuka hoja inayopendwa sana kwenye mazungumzo ya mji huu: kwamba shida yote ni Kiingereza, na vibao vikiandikwa kwa Kiswahili fujo itaisha. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Mimi ni wa kwanza kutaka vibao vya Kiswahili Mombasa, mji ambao lugha hii imeimbwa na kutungiwa mashairi kwa karne nyingi. Ila kufupisha ni kufupisha, lugha iwe yoyote.

Chukua mtaa. Ukilifupisha neno hilo, cha kwanza kinachokuja ni Mt. Lakini Mt. kwa Kiswahili tayari ina mwenyewe: ni Mtakatifu, kama Mt. Petro, Mt. Yosefu. Yaani mgongano uleule wa Street na Saint, herufi mbili zikigombewa na mtaa na mtakatifu, tumeurudia kwetu bila msaada wa Mwingereza. Na hapo hatujaongeza Mt. ya Kiingereza, ambayo ni mlima. Mwalimu wa katekisimu akikutana na Mt. Kenya kwenye bango la matangazo, ana haki ya kuuliza sikukuu yake huadhimishwa lini.

Tuseme tuepuke mtaa, tufupishe barabara. Inakuwa Bar. Bar. ya Nyerere, Bar. ya Haile Selassie, Bar. ya Abdel Nasser, na kila moja ya hizo imeelekeza mshale upande wa msikiti. Sitaki kuwa afisa wa kaunti atakayekwenda kuwaeleza wazee wa Mji wa Kale kwamba hiyo si baa.

Namba za nyumba nazo zina yake. Na. ndiyo nambari, lakini macho ya Mswahili yakiona "Nyumba Na. 7" huweza kusoma "nyumba na saba", kana kwamba kuna kitu cha ziada kimesahaulika. Kiingereza hakina unafuu hapo, maana No. yao inafanana na katazo. "Plot No. 12" kwa mtu aliyezoea kuona "No Parking" na "No Hawking" husomeka kama onyo: usije na kumi na mbili.

Jina la Kiswahili lililoandikwa kamili nalo halijasalimika. Katika Mji wa Kale kuna Ndia Kuu, na "ndia" ni Kimvita cha njia, yaani barabara kuu ya mji wa zamani. Wageni humwambia mwongoza watalii kwamba mchora kibao amesahau herufi ya kwanza ya India. Kibao hicho hakijafupishwa hata herufi moja.

Kuna dhana nyingine ninayoisikia sana, kwamba Avenue ni cheo. Watu wanaangalia Moi Avenue, Nyerere Avenue, Jomo Kenyatta Avenue, wanahitimisha kuwa marais hupewa Avenue na wengine hupewa Road. Lakini Kwame Nkrumah alikuwa rais wa Ghana, na hapa Mombasa ana Nkrumah Road. Gamal Abdel Nasser wa Misri, vivyo hivyo, Road. Hakuna cheo hapo. Kwa asili, Road ilikuwa njia ya kuunganisha mahali na mahali, Street ni mtaa wenye majengo pande zote mbili, Avenue ni barabara pana iliyopandwa miti kandokando. Hizo ni desturi wala si sheria, na mji ukikua mambo huchanganyika: miti hukatwa, majengo huota, jina hubaki. Hata barabara yenyewe hubadilishwa jina. Moi Avenue kwa wazee ilikuwa Kilindini Road, na wapo ambao hawajahama hadi leo.

Sasa tuje kwenye herufi za mwanzo, ambako kwa maoni yangu ndiko kwenye vituko vya Kiswahili halisi. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu. KeNHA inashughulikia barabara kuu za kitaifa, KeRRA za mashambani, na za mijini zikapewa mamlaka ambayo kifupisho chake ni KURA. Waliokaa Nairobi wakapanga herufi hizo kwa Kiingereza sidhani walisoma kwa sauti. Kibao kikisimamishwa kando ya shimo kuonyesha kwamba mradi ni wa KURA, mpwani anasoma kilichoandikwa: barabara hii ni ya kura. Na katika mwaka wa uchaguzi, nani atakayembishia? Ameona kwa macho yake greda likija na kampeni na kuondoka na matokeo. KeRRA ndiyo imetia fora. Wakazi wa njia yenye vumbi wakisoma jina hilo kwa matamshi ya Kiswahili, wanapata kitenzi kinachoeleza kwa usahihi wanavyojisikia kila mvua inaponyesha.

Huko Likoni kulikuwa na KFS, yaani Kenya Ferry Services, shirika la feri. Kuna KFS nyingine pia, Kenya Forest Service, ya misitu. Mtu wa bara aliyezoea kuiona KFS kwenye mageti ya msitu, akafika Likoni na kuikuta kivukoni, angeuliza watu wa misitu wanatafuta nini majini. Na mpwani mwenye maneno yake angemjibu, "Wanalinda mikoko." Uzuri wa jibu hilo ni kwamba lina ukweli: mikoko ni msitu unaoota ndani ya maji ya chumvi, na usimamizi wake kweli uko mikononi mwa KFS ya misitu. Siku hizi kazi za feri zimehamishiwa Mamlaka ya Bandari, KPA, kwa hiyo mkanganyiko huo unakwenda ukififia. Msitu umeshinda.

Kiwanja cha maonyesho ya kilimo cha Mkomani kinaitwa ASK, kwa sababu ni cha Chama cha Kilimo cha Kenya. Watoto wa shule wanaojifunza Kiingereza husoma "uliza". Wanaosoma barua za kanisa, ambako Ask. ni Askofu, husoma jingine.

Pacha ninaowapenda kuliko wote ni VOK na VOI. Upande wa bara wa kaskazini, kule Nyali na Bombolulu, kuna mtaa unaoitwa VOK. Hizo ni herufi za Voice of Kenya, shirika la utangazaji la taifa kabla halijaitwa KBC mwaka 1989. Redio ikabadili jina, mtaa ukakataa. Leo kuna vijana waliozaliwa VOK, wakasomea VOK, wakaolea VOK, ambao hawajawahi kuisikia redio yenye jina hilo. Kwao herufi hizo si kifupisho tena, ni mahali, kama Tudor au Ganjoni.

Halafu uko kwenye barabara ya Nairobi, unaona kibao kimeandikwa kwa herufi kubwa tatu: VOI. Mgeni aliyekwisha kufundishwa kwamba VOK ni kifupisho, na SGR, na KPA, anauliza VOI kirefu chake ni nini. Haina kirefu. Ni mji, uko kiasi cha kilomita 150 kutoka Mombasa, na jina lake ni fupi tu kama lilivyo. Lawama hapa ni ya herufi kubwa: kibao kikiandika kila kitu kwa herufi kubwa, kinaifuta alama pekee ambayo ingemsaidia msomaji kujua jina ni lipi na kifupisho ni kipi.

Namba za barabara nazo huwasumbua wa Nairobi zaidi kuliko wenyeji. Kule matatu hujulikana kwa namba, hapa hujulikana kwa njia: Likoni, Bamburi, Docks, Mtwapa. Mtu wa Nairobi akiona A7 kwenye kibao cha barabara ya Malindi anaweza kusimama hapo akisubiri matatu ya A7. Atasubiri sana. Herufi A inaonyesha daraja la barabara, kwamba ni miongoni mwa zile kuu zaidi nchini, na 7 ni utambulisho wake. Mambo yalichanganyika zaidi mwaka 2016, barabara zilipopangwa upya. Ile ya Nairobi iliyojulikana kama A109 ikawa sehemu ya A8, na ya Malindi iliyokuwa B8 ikawa A7. Madereva wa malori wa zamani bado wanasema A109, na ramani za karatasi zilizobaki madukani zinawaunga mkono.

Mabango ya maduka yana vifupisho vyao ambavyo sitavimaliza, Opp. na Nxt na Bldg, lakini kimoja kinahitaji neno. S.L.P. ni Sanduku la Posta, na 80100 ni msimbo wa posta wa Mombasa mjini. Si namba ya duka, wala ya mtaa. Wapo watu waliokwenda hadi Posta ya Digo Road wakitafuta duka la mabati kwa sababu bango liliwapeleka huko. Sanduku lipo kweli, ila mabati hayamo.

Kati ya vifupisho vyote kuna kimoja ambacho hakikuandikwa na yeyote. Zile pembe za ndovu zinazovuka Moi Avenue zikitazamwa kwa mbele zinafanya umbo la M, na ukimuuliza mtu yeyote pale atakwambia hiyo ni M ya Mombasa. Historia yake ni nyingine: ziliwekwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za familia ya kifalme ya Uingereza, kama pambo la mapokezi. Wakoloni walijenga pembe, wenyeji wakasoma herufi. Mimi niko upande wa wenyeji.

Sasa ule udhaifu niliosema hausemwi. Kifupisho ni maneno ya watu wa nyumba moja. Mama akisema "niletee kile, kiko pale", mtoto wake huenda moja kwa moja akaleta mbuzi ya kukunia nazi, na mgeni aliyeketi ukumbini hajui kilichotajwa ni nini. Kifupisho hufanya kazi kwa anayejua tayari kilichofupishwa. Lakini mwenyeji wa Mombasa hasomi kibao cha barabara. Yeye hupita kwa alama: mkabala na msikiti fulani, ukishapita Marikiti, hapo palipokuwa na mwembe. Mara nyingi mwembe wenyewe ulishaanguka. Anayeinua macho kusoma kibao ni mgeni, na ndiye asiyejua Dr inasimamia nini. Tumetengeneza vibao vinavyosomwa na wageni kwa lugha ya watu wa nyumbani.

Kwa hiyo ukimtumia mgeni maelekezo, andika neno zima, kisha umwekee alama ya kuonekana: Nyerere Avenue, karibu na Kanisa la Holy Ghost; au Mama Ngina Drive, upande wa Laitihausi; au Jomo Kenyatta Avenue, steji ya Sabasaba. Dereva atashika ile alama, mgeni atashika lile jina, na nauli itapatana kabla tuktuk haijaondoka. Na kaunti, ikijaliwa kupaka vibao upya, ianze na mitaa ya ndani ya kisiwa ambako hakuna gari linalofika kilomita 50 kwa saa. Huko nafasi ya herufi tatu za ziada ipo.